Jiko la Mtu Mmoja

Mwaka 1986, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliamuru mabanda yote ya kupikia nyuma ya nyumba za walimu yavunjwe. Nyumba zenyewe zilikuwa za kisasa: paa bapa, kuta nyeupe zisizo na nakshi, na jiko dogo ndani. Mabanda yale niliyaona aibu mbele ya wageni. Mke wangu alisema neno moja tu: "Baba Neema, mle ndani hatuenei wawili." Sikumsikiliza.

Nilikuja kumwelewa baada ya kustaafu, nilipoanza kusoma historia ya majengo ya namna ile.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miji ya Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar. Wasanifu wengi wa kizazi chake walishika falsafa hii: umbo la jengo litokane na kazi yake, nakshi ni gharama isiyomnufaisha mkaazi, na mwanga na hewa safi ni haki ya mfanyakazi kama ilivyo ya tajiri.

Mjini Frankfurt, kuanzia mwaka 1925, Ernst May alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za aina hiyo. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alizibunia jiko. Alipima hatua na dakika za mpishi, akaiga jiko la behewa la chakula la treni, akapata chumba chenye upana wa meta 1.9 na urefu wa meta 3.4 hivi. Majiko kama 10,000 yalitengenezwa. Nia ilikuwa njema, kumpunguzia mwanamke kazi. Lakini chumba kilimtosha mtu mmoja tu. Baadaye mbunifu mwenyewe alikiri kwamba wakati ule hakuwa amewahi kupika.

Falsafa hiyo ilifika hata kwetu. May alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akarudia usanifu humu Afrika Mashariki.

Sisemi kwamba wasanifu wale walikosea yote. Aliyelala katika chumba cha giza na unyevu anajua thamani ya dirisha. Kosa lao, ambalo lilikuwa langu pia, ni kuhesabu hatua za mpishi bila kumwuliza anapika na nani. Kwetu jikoni ndiko binti anakofundwa, jirani anakoleta habari, na bibi anakochambua mchele huku akisimulia. Nilipovunja mabanda yale nilivunja darasa, nami nilijiita mwalimu.

Nyumba tunayoishi leo ina jiko ndani. Nyuma yake lipo banda la kupikia, na mahali pake palichaguliwa na mke wangu. Safari hii niliuliza kwanza.