Nyumba ya Sisimizi

Sogeeni karibu na redio tuanze somo letu la historia. Leo hatusemi habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za nyumba ndogo ambazo watu walizitengeneza kwa mikono yao ili wafuge sisimizi.

Labda mtacheka. Sisimizi tunao tele. Wanaingia kwenye sukari bila kukaribishwa. Kuna haja gani ya kuwafuga? Basi nawauliza swali. Mmewaona sisimizi wakiingia shimoni na punje zao. Je, huko ndani wanafanya nini? Ukichimba ili uone, shimo linabomoka, nao wanakimbia huku na huku wakibeba watoto wao. Utaona fujo tu, hutaona maisha yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya wachunguzi: kuona ndani ya nyumba bila kuibomoa.

Mmoja aliyeitatua shida hiyo ni John Lubbock, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1834. Alikuwa mtu wa benki, tena mbunge. Sisimizi aliwachunguza nyumbani kwake. Alichukua vioo viwili bapa, akaweka kimoja juu ya kingine, na katikati akaacha nafasi nyembamba, ya kuwatosha sisimizi kupita tu. Humo akatia udongo wenye unyevu. Kwa sababu nafasi ilikuwa nyembamba, sisimizi hawakuweza kujificha. Juu ya kioo aliweka kifuniko, maana sisimizi wanapenda giza nyumbani mwao. Alipotaka kuwatazama alikiondoa. Ili wasitoroke, aliwazungushia maji.

Nyumba hiyo ilileta faida gani? Zamani watu wengi walidhani sisimizi huishi mwaka mmoja tu. Mwaka 1874 Lubbock aliwapata malkia wawili, akawatunza. Mmoja wao alikufa mwaka 1888. Chukueni kalamu mtoe hesabu. Mmepata ngapi? Ndiyo, kama miaka 14! Shimoni nani angeweza kumfuata malkia mmoja muda wote huo?

Lakini udongo hukauka, na sisimizi wakikosa unyevu hufa. Mfaransa mmoja, mhandisi Charles Janet, alitafuta njia nyingine. Alitumia plasta, ile inayofungwa hospitalini mkono ukivunjika. Katika plasta alitengeneza vyumba vidogo vilivyopangwa kwa mstari, na mwisho wake kishimo cha maji. Plasta hunywa maji polepole. Kwa hiyo chumba cha karibu na maji kilikuwa chenye unyevu, na cha mbali kilikuwa kikavu. Sisimizi wenyewe walichagua chumba cha kukaa na mahali pa kuwalaza watoto wao.

Sasa sikilizeni habari za mama mmoja, maana zinatuhusu sisi tunaosoma ukubwani. Jina lake ni Adele Fielde, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1839. Kwa miaka mingi alikaa Uchina, akiwafundisha kusoma wanawake watu wazima. Alipofika umri wa miaka 60 hivi, wakati wengine wanapumzika, yeye alianza kuwachunguza sisimizi. Alitengeneza nyumba ya vipande vya kioo, ndani akaweka sifongo chenye maji. Ilikuwa nyepesi, hata aliweza kusafiri nayo. Kwa nyumba hizo alionyesha jinsi sisimizi wanavyotambuana kwa harufu, wakitumia zile pembe laini za kichwani. Nani atasema tena kwamba mtu mzima hajifunzi?

Basi, mmeona kwamba nyumba ya sisimizi inataka mambo matatu: giza, unyevu, na njia ya kuwazuia wasitoroke. Ni maarifa mazuri. Lakini maarifa ni kama panga: laweza kulima njia, laweza kudhuru.

Mwezi wa Aprili 2025, hapa Afrika Mashariki, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa nchini Kenya. Walikutwa na sisimizi kama 5,000, wamewekwa katika vichupa vyenye pamba. Mwezi wa Mei mahakama iliwapa adhabu ya faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Siku hizi ng'ambo wako watu wanaonunua sisimizi ili wawafuge, na wanaotakiwa zaidi ni malkia. Fikirini: malkia ndiye mama wa ukoo mzima. Ukimchukua malkia mmoja, umezuia ukoo mzima usizaliwe. Na sisimizi hao wakubwa wanaokusanya mbegu huzitawanya pia, majani yakaota mahali papya.

Lubbock, Janet na Fielde waliwaweka sisimizi wachache nyuma ya kioo, nasi sote tukapata elimu. Wale wenye vichupa waliwachukua maelfu, nasi tumebaki na mashimo matupu. Kioo ni kilekile. Nia ndiyo tofauti.

Jadilianeni darasani maswali haya:

1. Kwa nini Lubbock aliacha nafasi nyembamba kati ya vioo?
2. Plasta ya Janet ilisaidia nini?
3. Je, sisimizi wa shamba lako ni mali ya nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.