Ubao Usio na Pezi: Tengo la Ngalawa ya Pemba na Swali la Asili ya Ubunifu

Periplasi ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 BK, unataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wakazi wake walivua samaki na kasa kwa vyombo vya kushonwa na kwa mitumbwi ya gogo moja. Wapo wanazuoni wanaokinasibisha na Pemba, na wengine na Unguja au Mafia. Mjadala huo hauhitaji kumalizwa hapa. Lenye uzito ni kwamba mwandishi huyo, aliyejali kutaja hata ushonaji wa mbao, hataji matengo. Ukimya wake si ushahidi kamili, lakini unaruhusu dhana kwamba mtumbwi uliitangulia ngalawa, na kwamba matengo yaliongezwa baadaye.

Yaliongezwa na nani? Jibu lililotawala ni la James Hornell, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 1920 na 1934 aliihusisha ngalawa ya Afrika Mashariki na mabaharia wa visiwa vya Indonesia. Hoja hiyo haiwezi kutupwa. Mitumbwi yenye matengo imeenea mno katika Bahari ya Hindi na Pasifiki kiasi cha kutosadikika kwamba pwani hii iliibuni peke yake. Udhaifu wake ni mwingine: ilipokwisha kupata chimbuko, iliacha kukitazama chombo chenyewe.

Katika sehemu nyingi za Indonesia tengo ni gogo jepesi au mwanzi. Kazi yake ni kuelea, nalo hukinusuru chombo kisipinduke kwa wepesi wake. Tengo la ngalawa ni ubao. Umechongwa kwa tezo, umechongoka ncha, na umefungwa kwenye mirengu kwa mshazari. Ubao mwembamba namna hiyo hauna nguvu kubwa ya kuelea, na ndiyo maana ngalawa iliyotia nanga huyumba kuliko inavyotarajiwa. Tanga likishika upepo, hali hubadilika. Tengo la upande wa chini ya upepo huzama kidogo, maji yanayopita kwa kasi chini ya uso wake ulioinama hulisukuma juu, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo chombo kinavyotulia. Ubao huohuo huzuia chombo kusukumwa kando wakati wa kubisha, kazi ambayo jahazi huifanya kwa mkuku wake. Ngalawa haina mkuku wa kina kwa sababu inapaswa kupita juu ya miamba na kupwelewa mchangani bila kuvunjika.

Ulinganisho na fani iliyo mbali kijiografia unasaidia kulielewa jambo hili. Wahawaii wa zamani waliteleza juu ya mawimbi kwa alaia, ubao mwembamba wa mti usio na pezi chini yake. Mwaka 1935 Tom Blake, Mmarekani, aliufungia ubao wake pezi, na baada ya muda pezi likawa kawaida. Wachongaji wa majaribio waliolirudia umbo la zamani katika karne ya 21, akiwamo Tom Wegener huko Australia, walilazimika kujifunza upya kwamba ukingo wa ubao na umbo la tumbo lake vinaweza kuushika mkondo wa maji pasipo pezi. Fundi wa ngalawa hufanya kazi ndani ya kanuni hiyohiyo. (Ngalawa ina usukani, kwa hiyo ulinganisho unahusu tengo, si chombo kizima.)

Akiolojia nayo inapunguza uhakika wa Hornell. Utafiti wa mabaki ya mimea uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba mazao ya Asia, hasa mpunga na choroko, yalitawala maeneo ya kale ya Komoro na Madagaska, ilhali katika pwani na visiwa vya karibu nayo mazao ya Kiafrika ndiyo yaliyoongoza. Huko Pemba kwenyewe, mpunga ulipata uzito katika mji wa Chwaka wa karne ya 11 hadi 15 kuliko katika makazi ya Tumbe yaliyoutangulia. Picha inayojitokeza ni ya watu waliopokea kwa kuchagua na kwa wakati wao. Inadaiwa hapa kwamba matengo yalipokewa vivyo hivyo: wazo lilitoka ng'ambo, na ubao wa mshazari ni jibu la mafundi wa pwani kwa miamba, kusi na kaskazi.

Dai hili halitathibitishwa kwa jembe la mwanaakiolojia. Mwembe uliochongwa mtumbwi huoza, kamba za mirengu huoza, na pembe ya tengo haiachi alama yoyote ardhini. Kipimo chake kimo katika jicho na mkono wa fundi anayechonga leo Pemba, ambaye hulifunga tengo, hukishusha chombo majini, hukitazama kinavyokwenda, kisha hulifungua na kulifunga tena. Wanahistoria wamepima urefu wa ngalawa mara nyingi. Pembe hiyo wameipima mara chache mno, na idadi ya wanaoijua kwa mkono inapungua kadiri mashua za faibaglasi na injini zinavyoongezeka.