Shasi Haina Garanti

Kutu ni ya zamani hapa Bengamisa. Ugomvi juu yake ndio mgeni. Enzi za baiskeli hakuna aliyerudi dukani kudai kitu. Baiskeli ikikatika shingo, mwenyewe aliisukuma hadi kwa fundi, akalipa kwa mchele au kwa mafuta ya mawese, akaendelea na safari. Siku hizi pikipiki ikipasuka shasi, motari hutoa kwanza karatasi ya garanti iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, halafu hutoa hasira. Mimi ni mchomeleaji. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya Buta, kama kilomita 50 kaskazini ya Kisangani, na karatasi hizo nimezisoma nyingi kuliko hakimu yeyote.

Watu hulaumu mvua, na kweli hatuna kiangazi cha kutajika. Kisangani hupata kama milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Lakini mvua peke yake hula chuma polepole. Kinachokimaliza ni mzigo. Kutoka mjini pikipiki huja na magunia ya chumvi, samaki wa chumvi na sabuni. Kutoka huku hurudi na mchele, ndizi, makaa na mawese. Gunia la chumvi likinyeshewa kabla ya kuvuka mto Lindi, maji yake huteremka kwenye kibebeo, yakapenya kwenye mirija ya nyuma kupitia matundu ya bolti, yakatulia humo. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya mvua, na kutu, ukiifuatilia sana, ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kwenye chuma chenyewe. Mawese, kinyume chake, ni dawa. Nawafahamu wabebaji wa bidoni ambao shasi zao, chafu kupindukia, zimekaa miaka bila hata doa.

Pikipiki wanazozikumbuka wazee zilikuwa za mapadri na za maajenti wa serikali ya Kibelgiji. Ubelgiji yenyewe ilikuwa nchi ya pikipiki: kampuni ya FN ilianza kuziunda 1901 pale Herstal, karibu na Liège, na mji huohuo ukatoa Saroléa na Gillet. Shasi za nyakati zile zilikuwa mirija iliyounganishwa kwa kuyeyushia shaba ndani ya viungo vya chuma, nzito lakini rahisi kufumua na kubadilisha mrija mmoja mmoja. Tena mwenye pikipiki alikuwa misheni au serikali, si mtu, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na karakana. Stanleyville, kama mji ulivyoitwa hadi 1966, ulikuwa na maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi, na kipuri kisichokuwepo kiliagizwa kwa barua kikapandishwa mtoni kwa meli. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zinapewa Wazaire. Wengi waliozipokea waliuza kilichokuwa rafuni, wakafunga mlango. Mazungumzo yoyote ya garanti yaliishia hapo kwa miaka 30.

Baada ya uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita ya 1998, Kisangani ikawa mji wa baiskeli. Njia ya mto kwenda Kinshasa ilikatika, petroli ikawa ya wenye bunduki, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita katika mji usio wa Rwanda wala wa Uganda. Toleka, yaani teksi za baiskeli, ndizo zilizosogeza maisha: mto wa sponji juu ya kibebeo, abiria nyuma, dereva akikanyaga. Huku kwetu barabarani baiskeli ilisukumwa kwa mkono zaidi kuliko kupandwa, gongo limefungwa kwenye usukani, magunia yamening'inia pande zote mbili. Baiskeli haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilikatika shingoni, na ilikatika chini ya kanyagio.

Mjomba wangu ndiye aliyeziunga, kwa gesi ya karabidi aliyoitoa kwenye pipa alilolitengeneza mwenyewe, mtambo ambao leo singekubali hata kusimama karibu nao. Alikuwa na kanuni moja, na wachomeleaji wote wa barabara hii waliishika: palepale ni bure, pembeni ni pesa. Mshono ukiachia palepale alipochomelea, aliurudia bila kudai kitu, hata baada ya mwaka. Chuma kikipasuka pembeni ya mshono, ni kazi mpya. Hakukuwa na karatasi wala muhuri, na sikumbuki watu wakigombana. Niseme pia kwamba ilikuwa kanuni ya kijanja. Moto huunguza rangi hata upande wa ndani wa mrija, na chuma cha pembeni ya mshono hubadilika tabia. Kwa hiyo kutu huanzia hapohapo pembeni, na shasi iliyochomelewa vizuri karibu siku zote hukatikia pembeni. Mjomba alijua. Lakini wateja nao walijua, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu hiyo.

Pikipiki ziliingia kwa wingi baada ya amani ya 2003, na zaidi barabara zilipofunguliwa. Njia ya Beni na Komanda kuja Kisangani ilianza kupitika tena, na mradi wa Pro-Routes, uliogharimiwa na Benki ya Dunia pamoja na Uingereza kuanzia 2008, ukaigusa pia barabara yetu ya kwenda Buta. Wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wamekwisha kujifunza njia ya Dubai na Uchina. TVS na Boxer kutoka India, na za Kichina zenye majina mapya kila mwaka, zilishuka Mombasa ndani ya makontena, zikapita Kampala na Kasindi, zikafika kwetu vipandevipande ndani ya maboksi. Injini imefungwa, magurudumu pembeni, shasi imeviringishwa kwa karatasi. Fundi aliiunganisha uani mwa duka, akatia petroli, na mnunuzi akaondoka na vitu vitatu: funguo, faktura, na karatasi ya garanti.

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo. Miezi sita, au mwaka, au kilomita kadhaa, lolote litakalotangulia. Injini ndani, shasi ndani, lakini kwa masharti: usizidishe uzito, usichomelee, ufanye vidanje kwa fundi wa duka. Aliyeiandika alikuwa na picha ya mtu anayepanda pikipiki kwenda kazini. Motari wa Bengamisa hapandi kwenda kazini. Pikipiki ndiyo kazi, na kilo anazobeba ni zile zinazolipa deni la pikipiki. Sharti la fundi wa duka nalo lilimtaka ateremke hadi mjini kila vidanje, siku nzima bila kipato, kubadilisha mafuta ambayo kijana wa hapa huyabadilisha chini ya mwembe kwa robo saa.

Ninayo kesi moja ninayoweza kuieleza kwa undani kwa kuwa nilikuwemo. Kijana mmoja, mbebaji wa njia ya Banalia, alikuja kwangu na shasi iliyopasuka pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikana na mwili. Garanti ilikuwa bado hai. Nilikataa kuigusa kwa moto. Tukaifunga kwenye pikipiki nyingine tukaenda nayo dukani mjini. Mwenye duka, mtu mzima mwenye adabu, aliiangalia akasema, "Umebeba chumvi, ndugu yangu." Kijana akajibu, "Papa, nimebeba chumvi niliyoinunua kwako." Hilo lilikuwa kweli; nyuma ya pikipiki za kuuzwa palikuwa na magunia ya chumvi hadi darini.

Niliomba msumeno. Baada ya kuvutana kidogo aliruhusu, nadhani kwa udadisi tu. Nikaukata mrija sentimita chache kutoka kwenye ufa. Nje rangi nyeusi ilikuwa safi, inang'aa kwa nta. Ndani hapakuwa na rangi kabisa. Kutu ilikuwa imetoka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu, na nilipougonga mrija sakafuni zilimwagika konzi mbili za unga mwekundu pamoja na matope. Ukuta wa mrija, ambao ukiwa mpya hauzidi milimita 2, mahali pengine ulikuwa umebaki mwembamba hata ukucha unauminya. Tundu dogo la chini, lile la kutolea maji, lilikuwa limezibwa. Na kilicholiziba hakikuwa tope la Bengamisa. Kilikuwa rangi ya kiwandani. Shasi ilipuliziwa rangi kwa nje tu, na rangi hiyohiyo ikafunga njia pekee ya maji kutoka.

Mwenye duka alinyamaza. Halafu akakubali kutoa shasi mpya, nusu bei. Ungedhani kesi imekwisha. Kijana aliiinua ile shasi mpya, akaigeuza, akatazama shingoni, akairudisha chini. Ilikuwa na namba nyingine. Namba ya shasi ndiyo iliyoandikwa kwenye karte roze, ile hati ya usajili wa chombo, na polisi wa barabarani kitu cha kwanza wanachokifanya ni kuinama na kulinganisha. Shasi mpya ilimaanisha hati mpya, ofisi, foleni, pesa, na kabla ya hapo kila kizuizi kati ya mji na Banalia kingemwita mwizi. Alichukua pesa kidogo badala yake, na ile shasi mbovu nikaichomelea mimi, kwa nondo iliyopitishwa ndani ya mrija kuwa uti wa mgongo. Shingo yenye namba sikuigusa. Hiyo ndiyo sababu barabara hii imejaa pikipiki ambazo kila kiungo kimebadilishwa isipokuwa sentimita kumi za shingo, na ndiyo sababu wauzaji wanaweza kuahidi shasi mpya bila hofu kubwa ya kuzitoa.

Haya si ya Kongo peke yake. Agosti 2023 video kutoka Indonesia zilifika hadi kwenye simu za wamotari wetu: skuta za Honda zenye shasi iitwayo eSAF, iliyoanza kutumika 2019, zikionyeshwa zimeoza na kukatika. Kampuni ilisema ile rangi ya manjano kwenye mishono ni masalia ya kuchomelea, si kutu. Kelele zilipozidi, serikali ikaingilia kuchunguza, na garanti ya shasi ikarefushwa kutoka mwaka 1 hadi miaka 5. Huko Marekani, 2016, Toyota ilikubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa ajili ya shasi za magari ya mizigo zilizooza kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi tena. Tofauti ni kwamba wale walidai wakiwa wengi kwa pamoja. Wetu huja mmojammoja, mwenye duka akiwa na subira ya kuwangojea wachoke.

Na sheria tunayo, hata kama hakuna anayeifuata. Inatoka katika amri ya 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo kuhusu mikataba, ambayo ingali ndani ya kanuni zetu za kiraia. Ilitolewa ng'ambo kwa jina la Mfalme Leopold wakati gavana wake hapa kwenye maporomoko ya Kisangani alikuwa Tippu Tip wa Zanzibar, aliyepewa cheo hicho Februari 1887. Sidhani Tippu Tip aliisoma. Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kukirudisha apewe pesa yake, au akibaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Kasoro inayoonekana kwa macho si juu ya muuzaji. Mnunuzi asikawie kudai, na muda wake unapimwa kwa aina ya kasoro na kwa desturi ya mahali mauzo yalipofanyika.

Mrija usio na rangi ndani, kama hii si kasoro iliyofichika, basi sijui ipi inaitwa hivyo. Desturi ya mahali nayo ipo, wachomeleaji waliitunza tangu enzi za karabidi. Ila kesi ya pikipiki moja haiwezi kubeba gharama ya wakili, na kijana akisimama mahakamani siku tatu pikipiki imelala siku tatu. OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi za Afrika, ambayo Kongo iliingia 2012, inapanga mauzo baina ya wafanyabiashara. Motari mwenye pikipiki moja ya mkopo sijui angejiitaje mbele yake.

Kwa hiyo watu wamejitungia utaratibu. Pikipiki mpya ikifika Bengamisa, kabla ya kubeba hata mtungi mmoja, inaletwa kwangu. Nazibua matundu ya chini kwa keekee, namimina mafuta machafu ya injini ndani ya mirija, naizungusha pikipiki kwa pande zote hadi yaenee, kisha naacha yachuruzike usiku kucha. Naziba vichwa vya mirija ya nyuma kwa raba ya tairi. Naangalia bomba la betri lisidondoshee asidi juu ya chuma, maana hilo nalo wauzaji hulisahau. Duka likijua, garanti imekwisha. Motari anajua hivyo anapoiacha kwangu.

Maduka nayo yamejifunza. Kwenye faktura za karibuni kuna mstari mpya uliopigwa muhuri: shasi haina garanti. Mnunuzi anasaini chini yake. Nimeuliza mjini kwa watu wanaojua sheria, wakaniambia kwamba ile amri ya 1888 inamruhusu muuzaji kujitoa hivyo, lakini kwa sharti moja, kwamba mwenyewe hakuijua kasoro. Tangu hapo situpi vipande ninavyovikata. Navifungia waya, kila kimoja na kibandiko chenye mwezi na jina la duka, na kila gari linaloteremka mjini nalipa fungu moja likamfikie mwenye duka, kijana wake akisaini kwamba amepokea.