Vitabu vya parokia

Vitabu vya parokia (pia: rejista za parokia) ni daftari ambamo kanisa la mahali huandika ubatizo, ndoa na vifo vya waumini wake. Ni kumbukumbu za ibada, lakini pia ni chanzo muhimu cha historia ya familia na ya vijiji.

Asili

Nchini Uingereza, mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Usajili wa serikali ulianza huko mwaka 1837 tu; kwa hiyo kwa karne tatu mkulima wa kawaida aliweza kujulikana hasa kupitia kitabu cha kanisa lake. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kuandikwa kwa ndoa na ubatizo.

Tanzania

Katika Tanzania bara, misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa watoto waliopotezana na koo zao. Kwa watu wa namna hiyo, maandishi ya misheni ni kati ya machache yanayowataja kwa majina.

Kata ya Endamarariek, Wilaya ya Karatu, imo katika eneo la Jimbo Katoliki la Mbulu, lililokuwa prefektura ya kitume mwaka 1943 na jimbo kamili mwaka 1953. Parokia mpya inapomegwa kutoka ile ya zamani, maandishi ya awali hubaki kwa kawaida katika parokia mama. Kwa sababu hiyo, anayetafuta habari za babu yake aanze kwa kuuliza alibatizwa wapi, si alikoishi.

Yaliyomo

Kitabu cha ubatizo hutaja jina, tarehe, wazazi, wasimamizi na mhudumu. Pembeni huongezwa kipaimara, ndoa au upadrisho. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini: Yosefu huonekana kama Josephus, na Yohane kama Joannes. Majina ya kienyeji yaliandikwa jinsi mmisionari alivyoyasikia, hivyo jina moja la Kiiraqw linaweza kuwa na tahajia kadhaa. Umri wa waliobatizwa wakubwa mara nyingi ni wa kukadiria.

Matumizi na hifadhi

Cheti cha ubatizo, kinachotolewa kutoka kitabu hicho, ni kati ya vielelezo vinavyoweza kutumika mtu mzima anapoomba cheti cha kuzaliwa. Ukurasa ulioliwa na mchwa au kulowa mvua unaweza kumnyima mzee uthibitisho pekee wa umri wake.

Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 (kanuni 535) zinadai vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Vitabu hivyo vina habari za watu binafsi. Anayetaka kuvisoma huomba ruhusa ya paroko.