Nyumbu wa Serengeti na chanjo ambayo hawakuchanjwa

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya chanjo. Leo nawatoa wodini kabisa, nawapeleka Serengeti, kwa sababu kuna swali naulizwa sana kliniki: "Nesi, mtoto wa jirani asipochanjwa mimi inanihusu nini? Wangu si kachanjwa?" Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko kwa nyumbu.

Nyumbu unawajua, ni wale wa kwenye video wanaojitosa Mto Mara huku mamba wanawasubiri. Mwaka mzima wao ni safari. Januari hadi Machi wanakuwa kusini, upande wa Ndutu, kwenye nyasi fupi zilizoota juu ya majivu ya volkano za zamani. Nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi nyingi, yaani chakula hasa cha mjamzito na anayenyonyesha. Huko ndiko wanakozalia, tena wengi wao ndani ya wiki tatu hivi (sisi wa wodi ya wazazi tungetoroka zamu). Mvua zikikata wanaelekea magharibi, halafu kaskazini, na kuanzia Julai hivi wanavuka Mara kuingia Kenya. Mvua za vuli zikianza wanarudi kusini. Leo hesabu yao ni kama milioni 1.3.

Wingi huo ni wa juzi juzi tu. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu kwa ndege ndogo, wakapata kama laki moja. Hesabu iliyofuata, ya mwaka 1961, ilikuwa bora zaidi, nayo ikapata kama 260,000. Kufika 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Miaka 16 tu! Simba hawakuacha kula. Kilichobadilika hasa ni ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sotoka, na wazee wa jamii za wafugaji wanaujua kwa jina. Ni virusi vinavyoshika ng'ombe, nyati, nyumbu na wengine wenye kwato mbili. Mnyama anapata homa kali, vidonda mdomoni, machozi na kamasi, halafu anaharisha mpaka anaishiwa maji na kufa. Binadamu haimpati. Ila ukisikia dalili hizo, mama, unakumbuka nini? Homa, macho mekundu, kamasi, vidonda mdomoni, kuharisha. Surua. Hujakosea. Virusi vya surua na vya sotoka ni ndugu wa karibu, na watafiti wanaamini surua ilitokana na virusi vya ng'ombe vya ukoo huo, zamani sana, vikahamia kwa watu waliokuwa wakiishi na mifugo.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 hivi, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ethiopia ikapata njaa ya kutisha. Kufika 1891 ilikuwa Umasaini, na 1896 ilikuwa imeshavuka mpaka kusini mwa bara. Sehemu nyingi ng'ombe 9 kati ya 10 walikufa. Kwa Wamasai, ambao ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, hapo ni sawa na kukatiwa pumzi. Juu yake ikaja ndui. Kipindi hicho wanakiita Emutai, maana yake kumalizwa. Mwaka 1892 msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti, akaandika habari za akina mama waliobaki mifupa, na wazazi waliokuwa tayari kutoa watoto wao wapate vipande vya nyama. Mimi huwa nasoma sehemu hiyo mara moja tu, sirudii. Tunapenda kuwaambia watoto kwamba pori lile lilikuwa tupu tangu kuumbwa. Halikuwa tupu, watu wake walikufa.

Nyumbu na nyati nao walikufa kwa wingi. Waliobaki hawakupona moja kwa moja, maana sotoka iliendelea kurudi, na iliwapiga zaidi nyumbu wadogo wanaokaribia mwaka mmoja. Kwa nini hao? Hapa naomba usome taratibu. Ndama akizaliwa na mama aliyewahi kuugua akapona, ananyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, na humo anapata kinga ya mama. Kinga hiyo ya kuazima inadumu miezi kadhaa, halafu inaisha, na ndama anabaki bila chochote. Ndipo sotoka ilipomkuta.

Mwanao naye yuko hivyo hivyo. Kinga ya surua anayotoka nayo kwako inapungua kadiri anavyokua, ndiyo maana sindano ya kwanza ya surua na rubela tunampa miezi 9. Tukimpa mapema mno, kinga yako inaizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Tukichelewa, anabaki wazi. Na ile ya miezi 18 ni kwa sababu si kila mtoto anashika kinga kwa dozi moja. Naona kadi nyingi zina ya 9 na hazina ya 18.

Turudi kwa nyumbu. Wakubwa wa enzi za ukoloni waliamini wanyama wa porini ndio ghala la sotoka, kwamba wao ndio wanaowarudishia ng'ombe ugonjwa. Sasa nani atamchoma sindano nyumbu? Ikabidi wachanjwe ng'ombe tu. Pale Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Mwingereza, Walter Plowright, na wenzake walivikuza virusi vya sotoka kwenye seli za figo za ndama, wakavihamisha kutoka kizazi hadi kizazi kama mara 90, mpaka vikabaki bila makali lakini vinaamsha kinga. Chanjo ikawa salama na ya bei nafuu. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa miaka ya 50 na 60, na kufika 1963 nyumbu wadogo waliacha kufa kwa sotoka. Hakuna hata nyumbu mmoja aliyechomwa sindano! Ghala lilikuwa ng'ombe. Ugonjwa ulipokosa pa kukaa kwa ng'ombe, ukakosa njia ya kufika kwa ndama wa porini.

Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi nyingi, moto ukakosa cha kuunguza, na miti ikaanza kuota tena. Simba na fisi nao wakaongezeka. Na kuna jambo linanikera kidogo: wafugaji ambao ng'ombe wao waliochanjwa waliwaokoa nyumbu ni jamii ile ile iliyohamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959.

Kazi ya kuimaliza sotoka kabisa ilichukua miaka mingine mingi. Kuna nchi zililegea baada ya kampeni ya kwanza, ukarudi kwa nguvu. Baadaye ikapatikana chanjo inayokaa hadi mwezi bila friji, na wafugaji wenyewe wa Karamoja na Sudan Kusini wakafundishwa kuchanja. (Sisi tunaotembea na lile boksi la barafu tunawaonea wivu.) Wa mwisho kujulikana kuugua walikuwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imeisha duniani, ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui.

Surua, ndugu yake, bado ipo. Yenyewe inaambukiza mno, mgonjwa mmoja anaweza kuwapa watu 12 hadi 18 wasio na kinga, hivyo ili ikose njia tunahitaji watoto kama 95 kati ya 100 wawe na dozi mbili. Kwa hiyo mama uliyeniuliza kuhusu jirani: kichanga chako wa miezi 5 ndiye nyumbu hapa. Sindano yake bado. Anayesimama kati yake na surua ni yule mtoto wa jirani anayekuja kumbeba na kumbusu.

Wiki ijayo ni ndui, ule ugonjwa mwingine wa miaka ya Emutai. Kadi ziwe karibu, nitawauliza ukurasa wa miezi 18.