Kukwama kwa nguzo ya siti ya baiskeli

Kukwama kwa nguzo ya siti ni hali ambapo bomba linalobeba siti ya baiskeli hugandamana na bomba la fremu linamoingia, kiasi kwamba siti haiwezi tena kupandishwa, kushushwa wala kuzungushwa hata bolti ya kubana ikilegezwa. Hutokea kwa baiskeli za aina zote, hasa ambazo siti yake haijaguswa kwa miaka mingi.

Hali hii haizuii baiskeli kutembea, ndiyo maana huachwa hadi siku baiskeli inapopata mtumiaji mwingine: mtoto aliyerefuka, mnunuzi mpya, au ndugu aliyeazimwa. Siti ikiwa chini mno, magoti hubaki yamekunjwa na huuma katika safari ndefu. Ikiwa juu mno, mwendeshaji huyumbisha kiuno na hawezi kukanyaga chini anaposimama ghafla. Kipimo rahisi ni kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa kunyooka bila kiuno kuinama upande.

Sababu

Katika baiskeli nzito kama Phoenix ya China au Avon na Hero za India, nguzo na fremu zote ni za chuma, na adui ni kutu. Maji huingia kupitia mwanya ulio nyuma ya kibano cha siti, mahali panaporushiwa tope na gurudumu la nyuma ikiwa madigadi imeng'oka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, na kwa kuwa uwazi kati ya mabomba hayo mawili ni sehemu ndogo ya milimita, hujaa upesi.

Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma hukwama kwa njia nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea hujibana kuliko hata kutu. Kwa sababu hiyo baiskeli za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, zinazopigwa na hewa ya bahari, ziko hatarini zaidi kuliko za Mwanza, maana Ziwa Viktoria ni la maji baridi. Hata hivyo chumvi hufika Mwanza pia, kwa jasho la mwendeshaji na kwa maji yanayochuruzika kutoka kwenye mizigo ya samaki wa chumvi.

Sababu ya tatu ni mikono ya watu. Nguzo huuzwa kwa vipenyo vinavyopishana kidogo sana, mara nyingi milimita 0.2 tu, na iliyo nene huweza kupigiliwa kwa nyundo hadi ikaingia. Iliyo nyembamba huwekewa kipande cha bati la kopo, nacho hutunza maji. Nguzo iliyopinda nayo haitoki hata ikiwa safi.

Katika Mkolani na Mwanza

Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana katika jiji la Mwanza, kwenye barabara ya kwenda Shinyanga, kati ya Nyegezi na Buhongwa. Mvua hunyesha misimu miwili, vuli na masika, hivyo baiskeli hulowa tena na tena. Katika eneo lote la Usukuma baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba maji, mkaa, magunia na maziwa, na mjini Shinyanga baiskeli za abiria zimejulikana kwa jina la daladala. Mzigo hukaa kwenye keria, si kwenye siti, kwa hiyo mwenye baiskeli hana sababu ya kuigusa nguzo mwaka hadi mwaka. Ikishakwama, siku ambayo baiskeli iko kwa fundi ni siku isiyo na kipato. Haraka hiyo ndiyo inayovunja fremu nyingi, kwani kazi hii hudai subira kuliko nguvu.

Kukwamua

Kwanza bolti ya kibano hutolewa kabisa, na mahali nguzo ilipo hupigwa alama ili mwendo wowote uonekane. Mafuta mepesi ya kupenya hudondoshwa kwenye kiungo. Yakikosekana, dizeli au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo hufaa. Grisi haisaidii hapa kwa kuwa ni nzito. Nguzo hugongwa polepole ili mafuta yashuke, kisha baiskeli huachwa usiku kucha. Zoezi hurudiwa kwa siku kadhaa. Ikiwezekana, ekseli ya pedali hutolewa, baiskeli hupinduliwa, na mafuta humiminwa kutoka upande wa chini wa nguzo.

Nguzo huzungushwa kwanza. Kuivuta ni baadaye. Njia bora ni kutoa siti, kubana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa iliyofungwa kwenye meza nzito, kama zilizopo kwa mafundi wa kuchomelea, kisha kuigeuza fremu nzima kama mpini. Watu wawili hushika mbele na nyuma na kusukuma sawia. Bomba la fremu likianza kujipinda, kazi husimama na mafuta huongezwa. Wakati mwingine kuigonga nguzo ishuke milimita moja tu hutosha kuvunja mgando.

Joto lina mtego wake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kuipasha moto fremu yenye nguzo ya alumini kunaweza kuikaza zaidi. Kuipoza nguzo kwa barafu kuna maana zaidi. Nguzo ya chuma hufaidika ikiwa bomba la nje litapashwa haraka, lakini baada ya kumwagia mafuta ya taa au dizeli moto haufai kabisa. Fremu ya nyuzi za kaboni haipashwi moto wakati wowote.

Yote yakishindikana, nguzo hukatwa juu kidogo ya fremu, kisha bapa la msumeno wa chuma hupitishwa ndani yake na kuchanja mistari miwili kwa urefu. Kipande kilicho katikati hukunjwa kwa patasi na kuvutwa kwa koleo. Ni kazi ya saa nyingi, na msumeno ukiingia kwenye bomba la fremu huidhoofisha. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni huyeyusha alumini na kuacha chuma, ila hutoa gesi inayowaka, huunguza ngozi na kupofusha macho, na huila fremu ya alumini pia. Si ya kujaribiwa nyumbani.

Ikiwa siti iko kwenye kimo kinachomfaa mwenyewe, kuiacha ni uamuzi halali.

Kuzuia

Nguzo husafishwa, hupakwa grisi na kurudishwa, kisha hutolewa na kufutwa angalau kila baada ya masika. Kwa kaboni hutumika paste maalumu badala ya grisi. Nguzo nyingi zina mstari uliochongwa kuonyesha kina cha chini kabisa. Mstari huo ukionekana nje ya fremu, nguzo imepandishwa kupita kiasi na huweza kuvunjika au kupasua bomba.