Kayamba Katika Misa ya Usiku: Jimbo la Mombasa na Noeli ya Pwani ya Kusini

Mwaka 2025 Jimbo Kuu la Mombasa lilitimiza miaka 70 tangu lilipoundwa, tarehe 8 Mei 1955, na kwa kuwa majengo ya mawe na vyeo vya wakubwa havikosi watu wa kuvisifu, mimi nimeona heri nivuke kivuko cha Likoni, nilitazame jimbo hilo kwa upande wake wa kusini, tena katika usiku mmoja tu wa mwaka, usiku wa Noeli, ambapo huko Ukunda, Diani, Msambweni na Kwale husikika mlio wenye historia yake, na historia hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Neno lenyewe Noeli lina nasaba. Wareno walikwisha kusali Noeli zao Mombasa, kwani watawa wa Mtakatifu Augustino walifika huko mwaka 1597, lakini kazi yao ilikatika kwa damu mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alipowageukia. Mbegu iliyoota ni ile iliyoletwa na Wafaransa: Desemba ya mwaka 1860 Padre Armand Fava alishuka Unguja pamoja na wenziwe kutoka kisiwa cha Réunion, wakaadhimisha Misa ya Noeli siku chache tu baada ya kuteremka, mwaka 1863 wakaja mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na ni shirika hilo hilo lililofika Mombasa mwishoni mwa karne. Mmoja wao, Padre Charles Sacleux, aliisoma lugha yetu na lahaja zake kwa bidii iliyozaa sarufi mwaka 1909 na kamusi kubwa mwaka 1939, hata leo mtu akitafuta maana ya neno la kale aghalabu hurejea kwake. Kwa kuwa mbegu yake ililetwa na Wafaransa, Mkatoliki husema Noeli, kwa ladha ya Kifaransa, ilhali jirani yake wa madhehebu yaliyoletwa na Waingereza husema Krismasi. Ingawa nakiri kwamba sokoni Ukunda, mbele ya muuza kuku, wote wawili husema Krismasi.

Jimbo lilipozaliwa lilikuwa pamoja na Unguja, hata visiwa vilipotengwa nalo mwaka 1964. Askofu wake wa kwanza, Eugene Butler, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alishika fimbo toka 1957 hadi 1978. Akafuata Nicodemus Kirima, kisha John Njenga, ambaye chini yake jimbo lilipandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 1990. Boniface Lele akaja mwaka 2005, na baada yake Martin Kivuva. Mwaka 2000 upande wa kaskazini ulikatwa ukawa Jimbo la Malindi, na Kwale ikasalia kwa mama. Hayo yatosha.

Wenyeji wa kusini, Wadigo, wengi wao ni Waislamu tangu enzi, na makanisa ya huko yalijaa kwa watu wa kazi: Wakamba, Wataita, Wajaluo, Waluhya na Wakikuyu walioifuata miwa ya Ramisi hata kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, kisha hoteli za Diani, kisha mgodi wa titani uliofungwa mwishoni mwa 2024. Kanisa la watu wa namna hiyo hujaa na kupwa kama bahari. Limejua pia misiba: Agosti 1997, watu wa Bara walipofukuzwa majumbani mwao kwa mapanga, maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Na hata katika amani, mhudumu wa hoteli huja Misa ya Noeli na sare yake chini ya koti, akishapokea komunyo akatoka mbio, kwani wageni wa Ulaya wanangoja chakula.

Watu hao wa kazi walikuja na nyimbo zao, na humo ndimo ulimo mkasa wangu. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano Misa ilisomwa na kuimbwa Kilatini, na chombo kilichopewa hadhi kanisani ni kinanda. Hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 ilipofungua mlango kwa lugha na muziki wa mataifa, kwaya zikatafuta chombo kisicho na gharama, na mojawapo ya vile vilivyoenea katika makanisa ya Kenya likawa kayamba. Na kayamba ni nini ila mali ya Wamijikenda, Wadigo wakiwamo? Mabua membamba hupangwa bapa safu mbili, yakafungwa kwa uzi, na baina yake zikatiwa mbegu, kama zile za mturituri, nyekundu zenye jicho jeusi. Mpigaji hulishika kwa viganja viwili, akalitikisa kulia na kushoto, madole gumba yakigonga kijiti kilichopita katikati. Kwa Wadigo na Waduruma mlio huo uliita pepo na kukesha na wagonjwa, basi si ajabu kwamba wapo waumini waliolitazama kwa shaka. Nadhani shaka hiyo ilikwisha Bara kabla ya kwisha Pwani, maana kule Bara ni wachache waliojua lilikotoka.

Majilio yakiingia, mwalimu wa kwaya huandika do-re-mi ubaoni kwa chaki, sauti nne, moja chini ya nyingine, na kwa Jumapili nne wimbo wa Utukufu hunyamaziwa. Wakati huo jumuiya ndogo ndogo hugawana ujenzi wa pango, ada ambayo Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliianza Greccio mwaka 1223: hii huleta makuti, ile mikeka ya ukindu, nyingine matawi ya mvinje yashike mahali pa misonobari ya Ulaya. Mwinjili Luka hataji pango, hutaja hori tu. Pango limetoka katika mapokeo ya kale. Lakini Pwani ya Kusini ina mapango ya kweli, na lile la Shimoni, ambalo wenyeji husimulia kwamba lilifungiwa mateka wakingoja majahazi, hunijia moyoni kila nionapo mtoto wa plasta akilazwa gizani.

Misa ya usiku siku hizi huanza mapema kuliko zamani, kwa ajili ya usalama na matatu. Padre akianza Utukufu, kengele hulia, vigelegele hupaa, na makayamba yaliyolala mwezi mzima huamka kwa pamoja, mfano wa mvua juu ya makuti.

Mwaka mmoja joto la kaskazi lilinitoa nje, nikasimama karibu na bawabu, mzee wa Kidigo mwenye kofia ya kufuma. Kijana wa kwaya alitoka kunywa maji, kayamba kwapani.

"Mwanangu, hilo mwalipata wapi?"

"Ni la kanisa, mzee. Wazee wetu walikuja nalo kutoka Bara."

Mzee hakujibu. Alilipokea, akaligeuza penye taa, akayapapasa mabua, kisha akaanza kulitikisa polepole, dole gumba likigonga pigo ambalo kwaya ile haikuwa nalo. Na kijana, badala ya kurudi ndani, akachutama kumwangalia mikono.